Pointi za mezani zisizamishe timu ziwani

Mazungumzo huwa mafupi. Katibu wa timu anashuka mwaloni, anamkuta mwenye boti anahangaika na injini yake. Wanasalimiana, bei inatajwa, inashushwa kidogo, kisha linakuja swali la mwisho.

"Mzee wangu, tuko kama thelathini hivi, wachezaji na mashabiki. Tutatosha?"

"Mtaenea tu, mwanangu. Msiwe na wasiwasi."

Biashara imeisha. Hakuna aliyeuliza boti ilikaguliwa lini, jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi, wala nani atashika usukani. Kesho yake asubuhi ngoma zinapigwa, jezi zinavaliwa, watu wanajipakia. Wakifika salama, kila mtu anaamini kwamba "mtaenea" ni jibu. Wakifika salama mara kumi, linakuwa sheria.

Soka la mchangani la mwambao wa Ziwa Tanganyika linatembea juu ya neno hilo moja, na si neno la kulitegemea hata kidogo.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Makao makuu yake, Mpanda, yako mbali na maji. Kutoka mjini hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Kijana wa Kashaulili au Makanyagio anaweza kucheza mpira mpaka akatundika daluga bila kuwahi kupanda boti. Siku timu yake inapoalikwa bonanza Ikola, au inaposhuka Karema ili iendelee kwa maji hadi Kabwe au Kirando upande wa Rukwa, ama Kalya upande wa Kigoma, kijana huyo ni mgeni wa ziwa kwa asilimia mia moja. Wahenga walishasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya ya Tanganyika yana kina cha karibu mita 1,470 pale penye kina kirefu, na duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linaloyazidi.

Shabiki akishaamua kusafiri hazuiliki. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipopelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, watu walitoka kila pembe ya nchi kwenda kushuhudia. Mzuka huohuo ndio unaomtoa fundi baiskeli wa Mpanda kwenda kuishangilia timu ya mtaa ikigombea mbuzi. Mzuka si kosa. Kosa ni kuupakia kwenye boti ya kuvulia dagaa bila kuuliza maswali.

YALISHATOKEA, TENA KWA TIMU

Kuna watakaoguna kwamba huku ni kutishana. Waitazame Uganda.

Siku ya Krismasi mwaka 2016, timu ya kijiji kutoka Wilaya ya Buliisa ilipanda boti pamoja na mashabiki wake kuvuka sehemu ya Ziwa Albert, ikielekea Hoima kucheza mechi ya kirafiki ya sikukuu. Polisi walisema ndani kulikuwa na watu wapatao 45. Boti ilipinduka na watu wapatao 30 wakafa. Haikuwa fainali na hapakuwa na kombe la maana. Ilikuwa mechi ya kirafiki.

Maelezo ya polisi wakati ule hayakulaumu dhoruba. Yalitaja boti iliyojaza kupita kiasi na abiria waliokuwa kwenye shangwe, wengine wakiwa wamekunywa. Kwa lugha ya uwanjani, timu ile ilijifunga yenyewe.

Miaka miwili baadaye, Novemba 24, 2018, Waganda wakapata msiba mwingine, safari hii Ziwa Victoria upande wa Mukono. Boti ya starehe iliyokuwa imebeba watu wa tafrija ilizama na kuua zaidi ya watu 30. Serikali ilieleza kwamba boti hiyo haikuwa na leseni na ilibeba watu kuliko uwezo wake. Jaketi zilikuwemo ndani, lakini wengi hawakuzivaa. Wale hawakuwa maskini waliokosa usafiri. Walikuwa watu waliolipia raha.

Tanzania nayo isijifanye haijui. Miezi miwili tu kabla, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kile kilikuwa chombo cha umma, chenye ratiba na namba rasmi ya abiria, na bado watu walijazana. Sasa ifikiriwe boti ya mtu binafsi iliyokodiwa saa mbili usiku kwa maneno ya mdomo.

TOFAUTI YA KUKODI NA KUPANDA

Hapa ndipo viongozi wengi wa timu wanapojichanganya. Wanadhani kukodi boti ni sawa na kukodi Coaster. Sivyo.

Coaster ikizidisha abiria, kuna trafiki njiani. Ikiharibika, watu wanashuka na kukaa kivulini. Boti inayofanya safari za kawaida za abiria nayo angalau ina mazoea yake: watu wanaihesabu, mwaloni wanaijua, isipofika kuna wanaoisubiri. Boti ya kukodi iko nje ya mazoea hayo. Inaondoka saa anayotaka mteja, kutoka pale anapotaka mteja, ikiwa na idadi anayotaka mteja. Mara nyingi ilikuwa kwenye uvuvi juzi na itarudi kwenye uvuvi keshokutwa.

Maana yake, siku timu inapokodi boti, kiongozi aliyelipa ndiye anakuwa kamishna wa mechi. Hakuna mwingine wa kuhesabu watu. Hakuna mwingine wa kusema "wewe na wewe, shukeni". Akikaa kimya, kila mtu amekaa kimya.

Na kuna jambo la kuangalia zaidi miaka hii. Mwaka 2024 nchi nne zinazomiliki Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Congo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ni uamuzi mzuri kwa migebuka na dagaa. Lakini mwenye boti ambaye hana cha kuvua anatafuta cha kubeba, na ni kipindi hichohicho cha kiangazi ambapo mavuno yametoka, watu wana pesa kidogo na mabonanza yanaanza. Juu ya hapo, kati ya Mei na Septemba ndipo upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu ziwani. Boti nyingi zisizo za abiria, wateja wengi wasiojua maji, upepo mkali. Hesabu hiyo haihitaji kocha wa kigeni.

MASWALI KABLA YA BEI

Swali la kwanza ni la karatasi. Vyombo vya majini nchini viko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo pamoja na kazi nyingine hukagua usalama wa vyombo vidogo. Boti iliyokaguliwa kubeba abiria inakuwa na cheti, na cheti kinataja idadi ya watu. Leseni ya uvuvi ni ya kuvua samaki, haimgeuzi mvuvi kuwa msafirishaji. Katibu anayeweza kukagua leseni ya mchezaji mamluki mpaka akagundua picha si yake, hashindwi kuomba cheti cha boti akakisoma mara mbili.

Swali la pili ni la uzito. Watu 30 wenye wastani wa kilo 75 ni kilo 2,250. Kwa mkulima wa Katavi hayo ni magunia 22 na nusu ya mahindi, gunia la kilo 100. Bado viatu, mipira, sufuria, ngoma, spika na kreti za soda. Tena gunia lina nidhamu: likipangwa linalala palepale. Shabiki hapangiki. Akiona kijiji cha wapinzani anasimama, anahamia upande mmoja, anawavuta wenzake wapige picha. Boti ndogo haipinduliwi na uzito tu, hupinduliwa na uzito unaohama. Kwa hiyo ngoma zipigwe mwaloni na ziendelee ufukweni. Katikati hapo kila mtu akae chini, kwenye nafasi yake, mpaka boti ifungwe kamba.

Swali la tatu ni jaketi. Jibu la "zipo" halitoshi. Zihesabiwe moja moja, mchana kweupe, siku moja kabla ya safari. Zikipungua hata moja, mtu mmoja anabaki. Zivutwe mikanda kuona kama inashika. Kama kuna watoto, ziwepo za watoto, maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto. Na zivaliwe kabla ya kuingia botini. Jaketi la kukalia halina tofauti na kipa aliyekaa benchi wakati penalti inapigwa.

Swali la nne ni nahodha. Mwenye boti na mwendesha boti si lazima wawe mtu mmoja. Anayetakiwa kujulikana ni atakayeshika injini siku hiyo: ameendesha njia hiyo mara ngapi, ana msaidizi nani, na usiku wa kuamkia safari alilala au alikuwa kazini. Akifika ananukia pombe, safari imeishia hapo. Timu haimpangi mchezaji aliyelewa, iweje imkabidhi roho za kikosi kizima dereva aliyelewa?

Swali la tano ni mawasiliano. Majina ya wote waliopanda yaandikwe kwenye karatasi mbili, moja iachwe kwa uongozi wa mwalo au wa kijiji, nyingine kwa mtu aliyebaki Mpanda. Yaandikwe na saa ya kuondoka, saa ya kutegemewa kufika, na wapi. Katikati ya ziwa simu nyingi hukosa mtandao, hivyo anayebaki nchi kavu ndiye atakayeanza kupiga 112 ya polisi au 114 ya zimamoto na uokoaji pale saa zinapopita. Simu zinazosafiri zifungwe ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana. Na kama mwaliko unatoka ng'ambo, Moba au Kalemie, timu ijue kwamba inakwenda nchi nyingine, kwa hiyo inaanzia uhamiaji.

La mwisho ni la kuwaambia wote kabla ya kuondoka: boti ya mbao ikipinduka, aghalabu haizami moja kwa moja. Aliyeishikilia anaonekana na anaokolewa kirahisi zaidi. Anayejifanya bingwa akaanza kupiga mbizi kuufuata ufukwe anaouona karibu, mara nyingi ndiye anayepotea. Macho hudanganya umbali juu ya maji.

MAFUTA YALIMALIZA TIMU

Liko swali la sita, na hili linastahili nafasi yake, kwa sababu soka ilishalilipia gharama kubwa kuliko zote.

Novemba 28, 2016, chini ya mwezi mmoja kabla ya msiba wa Ziwa Albert, timu ya Chapecoense ya Brazil ilipanda ndege ya kukodi kwenda Medellín, Colombia, kucheza fainali ya kwanza ya Copa Sudamericana dhidi ya Atlético Nacional. Ndege iliishiwa mafuta ikiwa inakaribia kutua. Ndani walikuwa watu 77, wakafa 71. Haikupigwa na radi wala haikugongana na kitu. Iliondoka na mafuta yasiyo na akiba ya kutosha, na waliokodi hawakuwa na habari.

Kama hilo liliikuta klabu iliyokuwa inakwenda kucheza fainali ya bara, timu ya mtaa isijione ina bahati zaidi. Kwa boti, kanuni ya wazoefu ni rahisi kukumbuka: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Upepo ukigeuka, injini inakunywa mara mbili. Mafuta yaonekane kwa macho, kwenye madumu, kabla ya kuondoka. Ile tabia ya "tutanunua mengine tukifika" iachwe kwa bodaboda. Pia boti iwe na injini ya pili au angalau makasia ya kutosha, vifaa vya matengenezo madogo, na chombo cha kuchotea maji.

SAA YA MECHI NDIYO ADUI

Yote hayo yanaweza kufanyika na bado timu ikazama. Kwa sababu swali lililo gumu kuliko yote halimhusu mwenye boti. Linawahusu wenye mpira: je, timu inaweza kusema "leo hatuendi"?

Mara nyingi haiwezi. Mechi imepangwa saa 10 jioni. Kanuni za bonanza zinasema timu isipofika ndani ya muda fulani inapoteza pointi tatu na magoli matatu ya mezani. Kiingilio kimeshalipwa. Boti imeshalipwa yote, na mwenye boti amesema pesa hairudi. Mfadhili kanunua jezi mpya. Asubuhi ziwa linaonekana limechafuka, mawimbi yanapasuka meupe, mwenyeji mmoja anatikisa kichwa. Kila mtu anaona. Halafu anasimama mwenye sauti kubwa: "Jamani, tumetoka Mpanda kuja kuogopa maji?"

Boti inaondoka. Wanaoogopa wanapanda kwa kuona aibu.

Hapo ndipo mwandalizi wa mashindano, bila kugusa kasia, anakuwa amesaidia kuzamisha watu. Na hapo ndipo vyama vya soka vya wilaya na mkoa vina kazi ya kufanya ambayo haihitaji bajeti wala mfadhili. Mistari mitatu tu kwenye kanuni za kila mashindano yanayozihusu timu zinazosafiri ziwani.

Mstari wa kwanza: timu iliyozuiliwa na hali ya ziwa haipokwi pointi, mechi yake inasogezwa. Hii si huruma. Hata kanuni za FIFA zinatofautisha timu iliyogoma kucheza na timu iliyozuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Mstari wa pili: timu inayosafiri kwa maji ifike siku moja kabla, na mwenyeji aipe pa kulala, hata kama ni darasa na mikeka. Anayefika jana hana sababu ya kukimbizana na saa leo, wala hana sababu ya kurudi usiku baada ya mechi. Mstari wa tatu: mashindano yasipokee timu iliyokuja na boti isiyo na cheti cha abiria. Mwaliko wenyewe uwe na masharti.

Katibu naye ana lake. Makubaliano ya boti yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na ilipwe nusu kwanza, nusu baada ya kurudi. Yawepo maneno yanayosema hali ya hewa ikikataa, safari inasogezwa bila malipo mapya. Mwenye boti mwenye akili atakubali, kwa sababu boti yake ndiyo mali yake. Anayekataa amejitambulisha. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatolewa na ni bure. Usikilizwe jioni na urudiwe asubuhi. Kisha waulizwe wavuvi wa palepale, wale ambao hawapati chochote kwenye safari hiyo. Wao wakiwa wamevuta mitumbwi yao nchi kavu, jibu limeshapatikana.

"PESA HATUNA"

Utetezi unajulikana. Timu za Katavi ni maskini, boti yenye cheti ni ghali, jaketi ni ghali, kulala ugenini ni gharama. Ni kweli. Lakini umaskini huo haujawahi kuzuia mchango wa kumleta mshambuliaji wa kukodi kutoka mkoa mwingine aje acheze mechi moja. Wakati wa kununua mchezaji, kofia inazunguka na inajaa. Izunguke na kwa ajili ya jaketi. Zikinunuliwa jaketi 25 na timu tatu za Mpanda kwa ushirika, zitatumika msimu baada ya msimu.

Na kama pesa haitoshi kabisa, kuna njia ambayo ni bure: wapunguzwe watu. Wachezaji 18, kocha, daktari wa timu, katibu. Mashabiki wasubiri mechi ya marudiano au wapite barabara pale inapofika. Shabiki atanuna, hilo lipo. Atatukana kwenye kundi la WhatsApp la timu. Jumatatu atakuwa amesahau, na Jumatatu hiyo atakuwa hai.

Chapecoense walipewa kombe lile la Sudamericana bila kucheza fainali. Atlético Nacional wenyewe waliomba wapinzani wao wapewe, na shirikisho la Amerika Kusini likakubali. Dunia nzima ililia ikapiga makofi. Hakuna mzazi hata mmoja wa Chapecó ambaye asingebadilisha kombe lile na ndege iliyochelewa kwa siku moja.

Pointi tatu za mezani zinauma, lakini msimu ujao zinarudishwa uwanjani. Kwa hiyo safari ijayo, katibu akiambiwa "mtaenea tu, mwanangu", ajibu kwa adabu kama mtoto wa watu: "Shikamoo mzee, lakini naomba kwanza nione cheti." Akichekwa, acheke nao. Kisha asipande.